Kidole Kilichonyamaza

Sisi mafundi wa sindano tuna dawa yetu ya damu. Ukijidunga na tone likaangukia kitambaa cheupe, usikimbilie sabuni wala maji ya moto. Kata kipande cha uzi, kitafune mpaka kilowe mate, kisha sugua pale penye doa. Damu yako huondoka kwa mate yako mwenyewe. Hili sikufundishwa na mtu. Nilisoma mahali, nikajaribu, nikaona ni kweli. Katika mwaka ule kabla sijajua kwamba naumwa, nilitafuna uzi mwingi sana.

Naandika haya kwa yeyote aliyeketi kwenye benchi la kliniki hivi sasa, ameufunika mkono mmoja kwa mwingine, akiogopa neno ambalo bado hakuna aliyelitamka. Neno hilo ni ukoma. Nalitaja mapema kwa sababu mimi nililizunguka kwa muda mrefu, na kulizunguka hakukunisaidia.

Jina langu ni Mwanasha. Naishi na mama yangu Nairobi, mtaa wa Kabiria, ghorofa ya kwanza, nyumba ya Mama Kamau. Mama hukaanga mahamri na viazi karai kwenye kibanda kando ya lango. Mimi natarizi kofia, zile nyeupe zenye matundu madogo yaliyozungushiwa uzi, ambazo wanaume wa kwetu pwani huvaa Ijumaa. Kazi hii nilijifunza kwa kufumua. Babu mzaa mama alipofariki aliacha kofia moja, nami nikaifumua tundu baada ya tundu nikitazama uzi ulipopita, kisha nikajaribu kuirudisha ilivyokuwa. Nikaharibu. Nikarudia. Hata leo sijui kama njia yangu ndiyo njia ya mafundi wa kweli, na wasiwasi huo haujawahi kunitoka. Tundu moja likipinda kidogo, nafumua safu nzima. Mwenye duka mjini anayezinunua huinua kila kofia mbele ya mlango ili mwanga upite matunduni, nami husimama pale nikitoka jasho kama mshtakiwa anayesubiri hukumu.

Mkono wa kulia hushika sindano juu ya kitambaa. Wa kushoto hukaa chini yake, na vidole viwili vya mwisho, cha pete na kidogo, hukaza kitambaa na kuipokea ncha. Ndivyo nilivyojizoesha. Madoa yalianza mvua za vuli. Nilikuwa nageuza kazi na kukuta kitone chekundu, kisha natafuta kimetoka wapi. Nilikagua vidole kimoja kimoja, nikakuta alama ya sindano ubavuni mwa kidole cha pete, na sikuwa nimesikia chochote. Nilihisi nini? Fahari. Nilidhani kidole kimeiva. Nilikumbuka miaka ya kwanza, nilivyokuwa nikirukaruka kwa kila mdungo, nikajiambia kwamba sasa nimekuwa fundi. Nikatafuna uzi, nikafuta doa, nikaendelea.

Fundi mwingine wa kofia angefanya vivyo hivyo. Ndiyo maana naanza na hilo.

Habari ilikuja kwa simu kutoka kijijini kwa bibi yangu, huko pwani kusini. Kikundi cha watu wa afya kilikuwa kinapita nyumba kwa nyumba kikipima damu, kwa sababu sehemu ile ukoma haujawahi kwisha, unajificha tu. Walipofika kwa bibi wakamkuta Babu Hamisi, mdogo wake, ambaye vidole vyake vilijikunja tangu sijazaliwa. Kwetu tuliambiwa kwamba aliungua na moto utotoni. Alikaa chumba cha uani, na kikombe chake kilikuwa na msumari wake peke yake. Mimi ndiye niliyempelekea chai kila alasiri, mpaka nilipomaliza darasa la nane na kuletwa Nairobi kwa mama. Sasa walikuwa wanamtafuta kila aliyewahi kulala nyumba ile. Walioko Nairobi waende kliniki moja mjini, kipimo ni bure.

Nilimwambia mama twende pamoja. Alikuwa amezika mikono katika unga.

"Nenda wewe," akasema. "Mimi unga wangu umeumuka."

Kliniki ilikuwa orofani, katika barabara ambayo chini yake wanauza viatu na chaja za simu. Mvua ndefu zilikuwa zimeanza na benchi lilinuka makoti yaliyolowa. Niliona jinsi watu tulivyokaa, kila mmoja akiacha nafasi ya mtu mmoja kati yake na mwenzake, ingawa wengine walikuwa wamesimama. Nilikuwa nimesoma kila kitu nilichoweza kupata kwenye simu, maana ndivyo nilivyo, siwezi kuingia mahali bila kujisomea kwanza kama wa mtihani. Nilikuwa na maswali yameandaliwa. Sikuuliza hata moja.

Muuguzi aliitwa Sista Njeri, mwanamke wa makamo, mtu wa Kinoo, mwenye sauti ya kumwita mtu ng'ambo ya barabara. Aliniuliza natumia mkono gani kwa kazi.

"Basi nipe ile ingine. Hii ya kazi tuiachie kazi yake."

Nikampa wa kushoto. Akakishika kidole cha pete, akakifuta kwa pamba. Nikageuza uso ukutani, nikakaza meno, nikasubiri. Nilisubiri mpaka nikaona aibu kwa kukaza meno bure.

"Sista, utanidunga saa ngapi?"

Nikageuka. Damu ilikuwa tayari imepanda ndani ya kijimrija chembamba cha plastiki, na kidole changu kilikuwa na tone jingine linalongoja.

Nikacheka. Nikamwambia mimi ni fundi wa sindano, vidole vyangu vimezoea. Nakumbuka hata nilivyokaa wima nikisema hivyo. Sista Njeri hakucheka. Alidondosha damu kwenye kipande chake cha kupimia, akakiweka kando, akavuta kiti karibu.

"Hebu funga macho, mrembo. Ukisikia nimekugusa, sema hapo."

Nikasema hapo. Nikasema hapo tena. Kisha kukawa kimya, nikadhani amemaliza, nikafungua macho. Ncha ya kalamu yake ilikuwa imelala juu ya kidole changu kidogo, imekikandamiza hadi ngozi ikabonyea.

Nataka kusema nililia, lakini sivyo. Nilistaajabu. Nilikuwa nakitazama kidole changu kama mtu anayemtazama jirani wa miaka mingi na kugundua kwamba hajui hata jina lake.

Kipimo kilitoa mistari miwili. Daktari, kijana mpole aliyekuwa na mafua, aliniambia nisiogope mistari: damu haijasema kwamba mimi ni mgonjwa, imesema tu kwamba mwili wangu umewahi kukutana na mdudu wa ukoma na umetengeneza askari wa kumpiga, kwa hiyo ninafaa kuangaliwa vizuri. Wengi huwa na askari hao na hawaugui maisha yao yote. Wakaniangalia. Mgongoni nilikuwa na mabaka yaliyopauka. Nani hujitazama mgongo? Kwenye kiwiko, mshipa wa fahamu unaopita nyuma ya mfupa ulikuwa umevimba kama kamba ya viatu. Basi ndivyo ilivyojulikana kwamba naumwa.

Kurudi nyumbani nilishuka matatu Adams Arcade, kabla ya kituo changu, nikatembea njia yote iliyobaki katika manyunyu. Nilikuwa nafikiria ile chai ya Babu Hamisi. Mdudu huyu huenda polepole kuliko kitu chochote ninachokijua. Inawezekana alipanda nami kuja Nairobi nikiwa na sanduku la bati na sare mpya za shule. Alikaa nami madarasani. Alikuwepo nilipokuwa naifumua kofia ya marehemu babu. Na kwa muda wote huo damu yangu ilikuwa inajua. Ilikuwa inapigana naye usiku na mchana, bila kunisumbua, bila hata kuniomba nile vizuri. Mimi ninayefumua safu nzima kwa ajili ya tundu moja, mimi ninayekagua kila kitu, nilikuwa na vita mwilini na sikuvisikia. Mpaka leo sijui nimshukuru nani kwa damu. Namshukuru Mungu, lakini natamani kuishukuru na yenyewe.

Mama hakuistaajabia. Mama aliogopa, na hofu yake ilikuwa na akili. Mtu anayeuza chakula hawezi kuwa na neno lile nyumbani kwake. Akasema tusimwambie mtu yeyote. Kesho yake nikaingia jikoni nikakuta kikombe changu, cha bluu chenye ufa mdogo, hakipo pamoja na vingine. Kilikuwa peke yake dirishani, kimefunikwa kwa kisahani. Nadhani mama hata hakujua alichofanya. Mikono yake ilikumbuka desturi ya nyumba ya bibi, ikafanya yenyewe.

Sista Njeri alikuwa ameniambia kwamba tangu dozi ya kwanza siambukizi tena, na kwamba hata kabla ya hapo si ugonjwa wa kushikwa kwa kikombe. Nilimweleza mama. Alitikisa kichwa kukubali. Kikombe kikabaki dirishani.

Dawa huja kwa pakiti, moja kila mwezi, na tembe za kwanza za kila pakiti humezwa mbele ya muuguzi. Kwa hiyo mwaka wangu ulikuwa na pakiti badala ya miezi. Pakiti ya kwanza, mkojo ulitoka mwekundu na nikapiga yowe chooni ingawa nilikuwa nimeonywa. Pakiti ya nne, ngozi ilianza kuwa nyeusi, ya rangi ya shaba iliyokaa jikoni, kwanza mashavuni kisha mikononi. Mama Kamau, ambaye hupita kila asubuhi kuchukua mahamri, alinitazama siku moja akamgeukia mama.

"Kwani huyu msichana amepata nini kwa uso?"

"Jua," mama akasema.

"Jua gani? Hii Julai yote mimi sijaliona."

Mama akamwongezea hamri moja.

Ilikuwa Julai kweli, ile baridi ya ukungu ambayo nguo zinakaa kwenye kamba na hazikauki. Na hapo ndipo mambo yalipokuwa mabaya. Mtu akianza dawa, wakati mwingine mwili hukasirika. Kiwiko kiliwaka moto. Mshipa ukauma hadi nilikuwa nashika mkono wangu kama mtoto mchanga. Asubuhi moja nikanyoosha uzi, na kidole kidogo kikakataa kunyooka. Nikakinyoosha kwa mkono mwingine. Nilipokiachia, kikarudi kujikunja, taratibu, kama mtu anayerudi kulala.

Nilikijua kile kidole. Nilikuwa nimekiona kikizungushwa kwenye kikombe cha chai kila alasiri ya utoto wangu.

Hapo ndipo nilipompigia Babu Hamisi, kwa mara ya kwanza tangu niliposikia habari. Nilimpa shikamoo, akaitikia, na kabla sijasema kitu akaanza utani wake wa siku zote.

"Mke wangu, umenikumbuka leo? Au Nairobi wamekuchoka?"

Nikamwambia kidole kinajikunja. Akaniuliza ni tangu lini. Nikasema tangu asubuhi.

"Basi mbona unaongea na mimi? Vyangu vilijikunja nikakaa navyo nyumbani, tukavipaka mafuta ya nyonyo tukangoja. Kata simu. Nenda."

Nikakata simu. Nikaenda kwa kofia yangu ya sufi na kandambili, bila kungoja siku yangu ya kliniki. Daktari alisema nimefanya vizuri kuja mapema, maana mshipa uliowahiwa una nafasi. Akanipa dawa nyingine ya kuutuliza uvimbe, ya kumeza miezi, ikipunguzwa kidogo kidogo. Hiyo ilinivimbisha uso mpaka mwenye duka la kofia akanipongeza kwa kunenepa. Nilikuwa na njaa kama mchimba kisima. Kila siku nilitakiwa kuloweka mkono katika maji ya vuguvugu, kuupaka mafuta, kisha kuulaza pajani na kunyoosha vidole kwa kiganja cha mkono mwingine. Mimi, kama unavyonijua sasa, nilizidisha. Nikanyoosha hadi vikauma pale palipobaki na uchungu, na Sista Njeri akanigombeza.

"Wewe hii si mtihani. Hakuna mtu atakupea alama. Fanya kidogo, halafu uache."

Hakuna aliyewahi kuniambia hivyo maishani. Na mtu mwenye kutaka kila kitu kamili hapaswi kuambiwa hivyo kwa upole, atalia kliniki mbele ya watu.

Mvua za vuli zilikuta kidole kimeacha kujikunja zaidi. Sijasema kimenyooka. Nilijifunza kutarizi na kastabini, kile kikofia cha chuma cha kidole, nimekivika cha pete, na jicho langu likafanya kazi ya ngozi. Kila jioni nilikagua mkono kutafuta majeraha nisiyoyasikia. Lakini jambo moja halikunipa usingizi, na lilikuwa jikoni kwetu.

Mama alikulia nyumba ile ile ya bibi. Na mama ana fahari yake: hugeuza mahamri kwenye mafuta kwa ncha za vidole. Wateja hupenda kumwangalia. "Mkono umezoea," huwaambia. Mara ya kwanza kulisikia neno hilo baada ya kliniki, nilikumbuka kwamba mimi nami nilimwambia Sista Njeri vidole vyangu vimezoea. Nilimsihi akapime. Alikataa. Alisema kama hajui, anauza akiwa na moyo safi. Akijua, atauza vipi? Nilimsihi mwezi baada ya mwezi na kila mara unga ulikuwa umeumuka.

Mwishowe nilimweleza Sista Njeri nikimeza tembe zangu mbele yake. Aliniandikia tu siku ya kurudi. Lakini Jumamosi moja karibu na Krismasi nilisikia ile sauti ya kuita ng'ambo ya barabara, nje ya lango. Alikuwa amevaa rinda la maua na kubeba kikapu kama mwanamke yeyote anayetoka sokoni. Alinunua mahamri. Akayasifu. Akaomba afundishwe, na mama, ambaye hawezi kukataa mwanafunzi, akampandisha jikoni kwetu. Walikanda pamoja. Waliongea kuhusu magoti. Nilikuwa nimekaa mlangoni na sindano yangu, nisiweze kutoboa hata tundu moja.

Kisha Sista Njeri akanawa, akafungua kikapu, akamwambia mama ukweli wote, yeye ni nani na amekuja kufanya nini. Akasema hatamlazimisha.

Mama alinitazama. Nilidhani atanifukuza. Akajifuta unga kwenye leso, akanyoosha mkono.

"Dunga. Lakini hutasikia nikilia. Mkono huu unaingia kwenye mafuta ya moto."

Sista Njeri akakishika kidole. Mimi sikutazama kidole. Nilitazama uso wa mama.

"Uwiii!" Mama akaruka hadi kiti kikaanguka. "Ala! We mama una roho gani? Si ungesema moja, mbili, tatu!"

Nikaanza kucheka na kulia kwa pamoja, na sikuweza kuacha. Mama alidhani namcheka na akakasirika zaidi. Sikuwa na maneno ya kumweleza jinsi lile yowe lilivyokuwa zuri. Sijawahi kusikia sauti nzuri kama ile. Kipimo kilitoa mstari mmoja tu. Sista Njeri akamfumba macho, akamgusa vidole vyote, akamkagua mgongo na viwiko, na mama akasema hapo, hapo, hapo, kwa hasira, bila kukosa hata mara moja. Akapewa dozi moja ya kinga, akaimeza na chai.

Ile chai aliimimina kwenye kikombe cha bluu chenye ufa. Alikitoa dirishani, akakipangusa, akanywa nusu, akanisogezea nusu. Kikombe hakikurudi dirishani tena.

Pakiti za mwisho zilinikuta katika Ramadhani. Nilimeza tembe zangu wakati wa kufuturu, kwa tende, na mama akaanza kusema neno lile kwa sauti ya kawaida. Siku moja nilimsikia kibandani akimweleza Mama Kamau kila kitu, kuanzia Babu Hamisi. Nilisimama ngazini nikishika ukuta. Mama Kamau alisikiliza mpaka mwisho. Akauliza kama anaweza kupimwa na yeye, kwa sababu ana baka kwenye mguu. Lilikuwa choa. Aliendelea kununua mahamri yale yale kila asubuhi, na rangi yangu ilipoanza kurudi akadai yeye ndiye aliyeiona kwanza.

Sasa nimemaliza. Kidole kidogo bado kimelala, na huenda kisiamke. Daktari hakunificha. Kidole cha pete ni hadithi nyingine, na ndiyo sababu ya kuandika haya.

Baada ya Idi nilianza kofia ya Babu Hamisi. Naye alikuwa amemaliza pakiti zake. Vidole vyake havikunyooka, alichelewa kuwahiwa, lakini aliniambia kwamba kikombe chake sasa kinakaa na vya wenzake. Nilikuwa katika safu ya mwisho, nimevua kastabini kwa sababu ya joto, nikapitisha sindano. Kitu kikaniuma.

Kilikuwa kidogo sana, ubavuni mwa kidole cha pete, kama mtu anayeita kutoka mbali. Nikabaki nimeshika kofia. Nikajidunga tena kwa makusudi. Kikaita tena.

Doa lilikuwa pale kwenye ukingo, dogo kama kichwa cha pini. Nilikata uzi, nikautia kinywani, nikautafuna hadi ukalowa. Kisha nikautema. Nikaikunja kofia ilivyo na kuituma pwani kwa basi.

Babu alipiga simu ilipofika. Yeye huivaa kofia kwa kuibana kati ya viganja viwili, kwa hiyo alikuwa ameweka simu chini na sauti yake ilikuja kutoka mbali.

"Mke wangu, wajukuu wanasema kuna doa hapa ukingoni. Umeanza uvivu huko Nairobi?"

"Ni langu, Babu," nikasema. "Liliniuma."

Nilisikia kuku uani kwao. Nilisikia mtu akitwanga. Kisha nikasikia kitambaa kikigeuzwa taratibu kati ya viganja.

"Basi upande huu," akasema, "ndio nitakaouweka mbele."